Nafasi Moja Kwenye Bitana

Kila tamasha la filamu linapofika Kigali, fundi Shafiq wa mtaa wa Rwezamenyo hufunga duka siku tatu. Wateja wamekwisha kuzoea. Anayebanwa na suruali apunguze kula, Shafiq huwaambia, yeye ana wageni. Wageni wenyewe hawajui kama ni wageni wake. Wao hudhani wameletwa na waandaaji, kwa ndege na barua za mwaliko. Lakini ukimwona Shafiq asubuhi ya siku ya kwanza, ameoga, amenyoa, amevaa koti lake la buluu na jua linawaka, utasema ni yeye aliyewatumia nauli.

Hilo koti lina mambo yake. Kwa nje ni koti la kawaida, la vifungo viwili, kazi safi ya mkono wake mwenyewe. Lifungue sasa. Ndani, bitana ya rangi ya maziwa imejaa majina. Wapenzi wengine wa filamu hupiga picha na mastaa, shavu kwa shavu, kisha picha zinakaa humo kwenye simu mpaka siku simu itakapoibiwa. Shafiq hataki picha. Yeye humpa staa kipande cha chaki ya fundi, hufungua koti na kusema, "Niandikie hapa." Chaki haingoji mtu. Ukichelewa siku moja jina linapukutika, kwa hiyo siku hiyohiyo, kabla ya swala ya magharibi, Shafiq huwa ameketi na sindano, anafuata kila mkunjo wa mwandiko ule kwa uzi mwekundu.

Anasema ukishona jina la mtu unamjua kuliko aliyekula naye sahani moja. Kuna mwigizaji wa Kampala ambaye herufi zake zilikuwa na mikia mirefu isiyo na kazi; Shafiq alipoushona mkia wa mwisho akasema huyu mama anajipenda, na hakukosea. Kuna kijana wa Lagos aliyeandika kama anayefukuzwa na mbwa. Kabla ya mwaka huu majina yalikuwa kumi na moja. Lakini tusifichane: mastaa walikuwa kumi. La kumi na moja ni la daktari wa meno kutoka Nairobi, aliyekuja Kigali kwa mkutano wake mwingine kabisa, akafanana kwa bahati mbaya na mwigizaji mmoja wa filamu za polisi, na alipoombwa jina akaandika kwa furaha yote. Shafiq aligundua baada ya kukata uzi. Hakufumua. "Naye katoka mbali," alisema, na daktari yupo mpaka leo, chini ya kwapa la kulia.

Upande wa kushoto, juu ya mfuko wa ndani, palikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa kiganja, imezungushiwa bandi, mshono wa muda, wa uzi mweupe ili mtu asiiguse. Kila staa akiiona alitaka kuandika hapo, maana hakuna mahali pazuri kuliko juu ya moyo wa mtu. Shafiq aliwapeleka pembeni wote, kwa adabu. Nafasi ile ilikuwa ya Rodney Dankwa.

Kama hukukulia kwenye mabanda ya video ya Kigali, huenda jina hilo halikuambii kitu. Dankwa ni mwigizaji wa Ghana, aliyetamba zamani, enzi za kanda. Filamu yake iliyoitikisa Rwezamenyo ilikuwa ile ya mlinzi wa daraja. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelijali. Mlinzi anaishi na mwanawe kando ya mto. Mafuriko yanakuja, mtoto anachukuliwa na maji. Asubuhi yake mlinzi ameketi juu ya jiwe, anafua shati la mtoto, na kamera inamkodolea uso mpaka wewe mtazamaji unatamani kuangalia pembeni.

Shafiq aliiona mwaka 2003, kijana wa miaka ishirini na minne, katika banda la Mama Nyiraneza, Ijumaa baada ya swala. Kiingereza hakuwa nacho na wala hakukihitaji. Filamu za banda zilikuwa za kufasiriwa, agasobanuye, kama tunavyoziita hata leo: nyuma ya pazia aliketi mfasiri na maikrofoni yake, akiigeuza filamu nzima kwa Kiswahili na Kinyarwanda, peke yake, polisi yeye, mwizi yeye, bibi harusi yeye. Na pale mlinzi alipokuwa anafua shati, Shafiq alisikia maneno haya: "Kuamka nako ni kazi. Leo nimeifanya."

Aliondoka nayo bila kujua kama ameondoka nayo. Akaoa, akapata binti, miaka mingi ikapita. Kisha, miaka sita iliyopita, mkewe Mutesi alifariki kwa shinikizo la damu, ghafla, asubuhi akitwanga majani ya sombe, na Shafiq akashindwa kuamka. Usingizi wenyewe hakuupata. Alilala tu ameelekea ukuta, duka limefungwa, na binti yao Ikirezi, miaka kumi na minne, akawa anakwenda shule bila chai. Siku ya nane mlinzi wa daraja alimjia. Kuamka nako ni kazi. Shafiq akaketi. Akaweka miguu chini, kwanza mmoja, halafu wa pili. "Leo nimeifanya," akasema kwa sauti, akaenda kuchemsha maji. Alisema hivyo kila asubuhi kwa miezi saba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa Shafiq alikuwa mtu wa Accra asiyejua hata kama Rwezamenyo ipo duniani.

Ndiyo maana nafasi ile ilibaki tupu. Majina mengine yalikuwa ya kujifurahisha. La Dankwa lilikuwa la shukrani, na mtu akibaki na shukrani kifuani bila kuitoa, inamkaba.

Jambo moja tu lilimshangaza. Wenzake wa banda hawakuyakumbuka maneno yale. "Filamu hiyo nimeiona mara nne," fundi viatu jirani yake alimwambia. "Pale kwenye shati yule jamaa anafua tu." Shafiq alimhurumia. Wengine Mungu amewapa masikio ya kutundikia miwani.

Sasa mwaka huu Ikirezi, aliyekwisha kuwa msichana wa chuo, alipata kazi ya siku tatu kwenye tamasha. Walimchukua kuwa protokoli, wale wasichana wa mishanana, vazi la heshima la Kinyarwanda, wanaopokea wageni na kuwaonyesha viti. Jioni moja akaja dukani.

"Papa, kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Dankwa anakuja."

Shafiq akasimama.

"Papa, sikiliza vizuri. Wametukataza kuwapelekea wageni watu wa nyumbani. Mtu akifanya hivyo anarudishwa. Kwa hiyo pale ukiniona, hunijui."

"Na wewe ukiniona?"

"Mimi nakuona kila siku," Ikirezi akasema, akacheka. Lakini aliporudi ndani kupiga pasi mshanana wake, alilipiga pasi na koti la buluu.

Tamasha lilikuwa Kimihurura, katika ukumbi ulio chini kidogo ya lile jengo kubwa la mikutano. Shafiq alifika saa nane mchana, saa mbili kabla ya wakati. Kutafuta mastaa ni ufundi kama ufundi mwingine, na wengi hawaujui. Wao husongamana kwenye zulia jekundu, simu juu, wakisubiri mtu mwenye miwani myeusi ashuke. Akashuka mmoja, mrefu, gari jeusi. Mayowe! Watu wakakanyagana. Shafiq hakutikisika. Mikono ya koti la yule bwana ilikuwa imepita viganja kwa vidole viwili, na mtu anayeshonewa nguo hawezi kutembea hivyo. Kweli, alikuwa dereva wa mheshimiwa fulani, na kwa siku ile moja alipigwa picha nyingi kuliko mheshimiwa wake.

Shafiq alijua zaidi ya hapo. Zulia ni la vijana. Mwigizaji mzee hulipita haraka, hutafuta kiti, kivuli na kikombe cha chai. Kwa hiyo akazunguka mpaka mlango wa pembeni, penye benchi chini ya ukuta, akasubiri. Alisubiri saa nzima. Akamwona mzee anatoka polepole na fimbo, amevaa kanzu fupi ya pamba isiyo na nakshi yoyote. Watu walimpita wakikimbilia zulia; msichana mmoja alimwomba asogee kidogo amkingie jua kwenye simu. Shafiq alikuwa amekwisha kuliona bega la kulia. Lilikuwa chini ya la kushoto kwa kipimo cha kidole gumba, vilevile lilivyokuwa kwenye filamu, pale jiweni. Nyuso huzeeka, mvi hupakwa rangi, lakini bega halimdanganyi fundi.

Akamsogelea. Alikuwa na sentensi mbili za Kiingereza alizozifanyia mazoezi mwezi mzima akipiga pasi. Alipofungua mdomo zikatoka nusu, zikagongana, zikaanguka.

"Sir," alisema. "Thank you, sir." Akajifuta jasho usoni.

Dankwa akatabasamu, akaketi, akapigapiga benchi kumkaribisha, akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kuwasaidia. Protokoli aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu. Ikirezi akaja, uso mkavu kama hakimu.

"Huyu mzee anasemaje?" Dankwa akamuuliza kwa Kiingereza cha kwao Ghana.

"Huyu mzee," Ikirezi akasema, huku akikwepa macho ya huyu mzee, "naona ana maneno ya kukuambia."

Shafiq akasema yote. Banda, Ijumaa, daraja, shati. Akamtaja Mutesi na ukuta na siku nane, na miezi saba, na koti linalosubiri jina. Ikirezi alifasiri sentensi baada ya sentensi, na alipofika kwenye chai aliyokosa akiwa na miaka kumi na minne, aligeuka akamtazama huyu mzee usoni. Kumbe hakuwahi kujua baba yake aliamshwa na nini. Akajikohoza, akaendelea.

Dankwa aliinamisha kichwa. "Na nilisema nini? Yarudie."

"Kuamka nako ni kazi. Leo nimeifanya."

Yule mzee akaweka mkono wake juu ya mkono wa Shafiq, akasema taratibu, na Ikirezi akafasiri huku akimtazama baba yake kwa huruma.

"Anasema pale hakusema kitu. Anasema katika filamu ile, kwenye shati, hana hata neno moja."

"Haiwezekani," Shafiq akasema. "Nilisikia."

"Anasema aliomba maneno. Alimwomba muongozaji, akamwambia mtu aliyefiwa na mtoto hawezi kukaa hivi tu bila kusema. Muongozaji akakataa. Anasema miaka yote hii amekuwa akijiuliza, yangekuwa maneno gani?"

Shafiq akaona aibu, kisha hasira, asijue amkasirikie nani. Alikuwa kama mtu aliyemwandikia ndugu yake barua miaka na miaka, kumbe anuani ilikuwa ya nyumba nyingine. Kama si mlinzi wa daraja, basi nani alimtoa ukutani? Akamkumbuka fundi viatu na masikio yake. Anafua tu. Na hapo, taratibu, akalikumbuka pazia la Mama Nyiraneza, la maua ya njano, na waya wa maikrofoni ukipita chini yake.

Dankwa alikuwa amekwisha kuichukua chaki mkononi mwake. "Nionyeshe mahali," akasema.

Shafiq akafungua koti. Dankwa akaiona ile nafasi ya juu ya moyo, akainyooshea chaki. Shafiq akaifunika kwa kiganja.

"Samahani, mzee wangu. Hapa pana mwenyewe. Leo ndiyo nimejua kwamba simjui."

Ikirezi alisita kuifasiri hiyo, akiogopa mgeni atachukia. Hakuchukia. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka, akasema basi apewe popote, hata pembeni. Akaandikia upande wa kulia, akasoma jina la jirani yake. "Na huyu ni nani? Simjui. Filamu gani?"

"Daktari wa meno," Shafiq akajibu, na Ikirezi akafasiri, na mzee akacheka tena.

Kabla ya kuagana aliyataka yale maneno yaandikwe. Ikirezi akayaandika nyuma ya ratiba ya tamasha, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Dankwa akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Ukimpata aliyeniwekea maneno mdomoni," alisema, "mwambie aliigiza vizuri kuliko mimi." Kisha akamtazama Ikirezi, akamtazama Shafiq, na macho yake yakacheka. "Na wewe binti, pua hiyo ni ya huyu mzee. Sitamwambia mtu."

Jioni ile Shafiq alilishona jina la Dankwa. Mwandiko ulionyooka, hauna mbwembwe, wa mtu mkweli. Ikirezi alikaa karibu naye akimshikia uzi.

"Miaka yote hiyo hukuniambia, Papa."

"Ungeambiwa nini? Kwamba baba yako aliamshwa na filamu?"

"Ndiyo," Ikirezi akasema. "Hivyo hivyo."

Kesho yake, siku ya pili ya tamasha, wenzake wakiwa Kimihurura wanasubiri mastaa wapya, Shafiq alivaa koti lake akashuka kwa Mama Nyiraneza. Banda lilikufa zamani, lakini mwenyewe yupo, anakaanga mandazi palepale mlango ulipokuwa.

"Mama, yule mfasiri wako wa zamani. Aliyekaa nyuma ya pazia."

"Ndayisaba? Ule wa maikro?" Nyiraneza akageuza andazi. "Iko Masaka, sha. Iko narima maharage. Ule mutu alinitesa! Siku moja Ijumaa alimaliza filamu, akazima maikro, akatoka. Hakuaga mutu, hakurudi. Kesho yake filamu inaongea Kingereza yake, batu banataka kunipiga mimi."

"Ijumaa gani?"

"Ah, we nawe. Nitajua Ijumaa gani? Ilikuwa iyo ya daraja. Ukifika Masaka, uliza batu ba moto, sema muzee wa sauti. Batu bose banamujua."

Shafiq akapanda moto, yaani bodaboda, akafunga kofia ngumu, koti akalifunga vifungo vyote viwili. Masaka, huko pembezoni mwa Kigali, siku hizi ni nyumba mpya na mashamba madogo yanayogombania kilima. Hapa ghorofa halijapakwa rangi, hapa mtama, hapa tofali. Dereva wa moto alimshusha kwenye kijia. Kabla Shafiq hajauliza mlango, akasikia.

"Weee! Toka humo kabla sijakutoa roho!"

Akasimama palepale. Ilikuwa sauti ya mkuu wa majambazi. Ilikuwa pia sauti ya bibi harusi, na ya padri, na ya polisi aliyekuwa akifika amechelewa katika kila filamu. Mbuzi mmoja mwekundu akatoka kwenye maharage mbio, na nyuma yake mzee mfupi, mwembamba, suruali imekunjwa mpaka magotini, jembe mkononi.

"Mzee Ndayisaba? Shikamoo."

"Marahaba." Kiswahili chake kilikuwa cha Ngara, alikokulia, Tanzania. "Kama umekuja kuniomba nishereheshe harusi, nimeacha. Sitaki maikrofoni."

"Mimi ni fundi Shafiq, natoka Rwezamenyo. Nilikuwa nakusikiliza bandani."

Uso wa mzee ukafunga. "Rwezamenyo niliiacha."

"Najua. Uliiacha Ijumaa, baada ya filamu ya mlinzi wa daraja. Ijumaa hiyo nilikuwepo."

Ndayisaba akaegemeza jembe ukutani, kwa uangalifu mkubwa kama chombo cha udongo. Akavuta kigoda, akamwonyesha mgeni beseni lililofudikizwa. Wakaketi.

"Basi ulinisikia," akasema.

"Nilikusikia. Nilidhani ni yeye."

"Hakuwa yeye. Yeye anafua tu." Ndayisaba alijifuta mikono kwenye suruali, tena na tena. "Nilikuwa na mtoto, Kaze. Miaka sita. Alikuwa anakaa nami nyuma ya pazia, chini ya meza, nikimfanya mbwa katika filamu zenye mbwa. Anabweka vizuri! Malaria ikamchukua Jumanne, tukamzika Jumatano. Ijumaa nikaenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Filamu ile nilikuwa nimekwisha kuifasiri wiki nzima iliyotangulia. Pale kwenye shati huwa nanyamaza, nakunywa chai. Siku ile nikasikia mtu anaongea kwenye maikrofoni. Kumbe ni mimi."

Mbuzi alikuwa amerudi kwenye maharage. Hakuna aliyemfukuza.

"Niliona aibu, fundi. Watu wamekuja kutazama filamu ya mtu mwingine, mimi nawaingizia msiba wangu. Nikasema nimemwanika mtoto wangu sokoni. Nikazima, nikaja huku. Maikrofoni sijashika tena." Akamtazama Shafiq, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya jambazi wala ya mtu yeyote ila yeye. "Umekuja kunilaumu?"

"La," Shafiq akasema, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Akamweleza habari za Mutesi, ukuta, siku ya nane, miguu miwili chini. Habari za binti aliyepata tena chai ya asubuhi, ambaye sasa yuko chuo. "Miezi saba, mzee wangu. Kila asubuhi. Ulikuwa unaniamsha wewe, na mimi nilikuwa namshukuru Mghana."

Ndayisaba akauliza, kama anayeogopa jibu, "Yalifanya kazi?"

"Yalifanya."

"Mimi hayakunifaa. Niliyasema mara moja tu, sikuyarudia."

Shafiq akamfikishia salamu za Dankwa, kwamba aliigiza vizuri kuliko yeye, na mzee akatikisa kichwa akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha Shafiq akafungua koti, akaonyesha pale juu ya moyo, akatoa chaki. "Niandikie hapa jina lako."

Ndayisaba aliishika chaki muda mrefu. Akapuliza vumbi la shamba kwenye vidole. Akainama, akaandika polepole, herufi kubwa nne, za mtu asiyeandika mara kwa mara: KAZE.

Shafiq hakusubiri magharibi. Alitoa sindano kwenye ukosi wa shati, inapokaa siku zote, akatia uzi, akashona palepale juu ya beseni, mzee akimtazama. Herufi zilikuwa zimetetemeka, na fundi hakuzinyoosha hata moja. Kila ilipopinda, naye akapinda. Alipokata uzi alifumua ile bandi nyeupe, akamwachia Ndayisaba apitishe kidole juu ya jina. Alikipitisha mara tatu. Wakaandikiana namba za simu, maana mzee alisema huenda siku moja akahitaji suruali.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro robo, simu ya Shafiq ililia. Alikuwa bado kitandani.

"Fundi."

"Mzee wangu."

Mbuzi alilia kwa mbali. Shafiq akangoja, simu sikioni.

"Kuamka nako ni kazi," ile sauti ikasema, polepole, kama mtu anayepima maji kwa mguu. "Leo nimeifanya."

Shafiq akaketi, akaweka miguu chini.

"Na mimi," akasema.